Siku 2 za kazi, au kazi ya siku 2?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari. Tumeweka programu ya BOINC kwenye mashine za maabara ili zinapokaa bure zifanye mahesabu ya watafiti, na ninaandika mwongozo wa Kiswahili kwa wanafunzi wanaozisimamia. Kwenye mipangilio kuna nafasi mbili za kujaza tarakimu. Nimeziandika hivi: “Hifadhi angalau siku 0.1 za kazi” na “Hifadhi hadi siku 0.5 za ziada za kazi”. Mwanafunzi mmoja ameniuliza kama Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Mwingine anadhani jumla yote ni siku 0.5. Mwingine ametafuta kitufe cha kuhifadhi faili. Niandikeje ili waelewe?

JIBU: Mwanafunzi wako wa kwanza amesoma Kiswahili sawasawa, Mwalimu. “Siku za kazi” kwetu ni zile ambazo ofisi ziko wazi. Benki ikikwambia hundi itapita baada ya siku tatu za kazi, Jumapili haihesabiwi. Kijana amekuta maneno yaleyale kwenye mwongozo wako akayapa maana ileile. Swali lake ni la haki, na linaonyesha pa kuanzia.

Tunapopima kitu kwa muda kitakaotosha, Kiswahili hutanguliza kitu, kisha muda ukafuata: chakula cha siku mbili, maji ya wiki, nauli ya mwezi, dawa ya siku tano. Ukigeuza mpangilio, maana nayo inageuka. “Dawa ya siku tano” ni vidonge ulivyopewa. “Siku tano za dawa” ni muda utakaokuwa ukivimeza. Programu inauliza kuhusu kitu, yaani kazi iliyopakuliwa na kuwekwa kwenye mashine, wala haiulizi kuhusu kalenda ya ofisi. Kwa hiyo andika kazi ya siku 2. Mwanafunzi hatauliza tena habari za Jumamosi.

Hapo kwenye “ya” pana jambo jingine la kuangalia. Neno kazi halibadiliki umbo katika umoja na wingi, hivyo upatanisho ndio unaobeba tofauti. “Kazi ya siku 2” ni kiasi: mzigo wa kutosha kuishughulisha mashine kwa siku mbili, uwe wa fungu moja kubwa au mafungu ishirini madogo. “Kazi za siku 2” inaelekea kwenye idadi: kazi kadhaa, kila moja ikichukua siku mbili. Katika BOINC vyote viwili vipo. Seva ya mradi, yaani kompyuta ya watafiti inayogawa kazi, hukata data vipande vipande, na kila kipande ni kazi inayojitegemea yenye siku yake ya mwisho ya kurejesha majibu. Orodha unayoiona kwenye skrini ni ya kazi hizi. Nafasi unayojaza kwenye mipangilio inataja kiasi. Herufi moja ikiteleza, msomaji ataelewa jambo jingine kabisa. Ndiyo maana ninashauri vipande uviite “mafungu ya kazi” katika mwongozo mzima, na “kazi” peke yake uiache ibaki na maana ya kiasi.

Sasa neno hifadhi. Ni neno zuri, lakini kwenye kompyuta lina wenyewe tayari. Mtu aliyezoea skrini ya Kiswahili akiona “Hifadhi” anajua ni kuweka faili lisipotee, na “hifadhi ya diski” ni nafasi kwenye diski. Mwanafunzi wako wa tatu aliongozwa na mazoea hayo. Ninapendekeza akiba. Wahandisi wengine watakwambia “bafa”, na wao kwa wao wanaelewana, lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza neno hilo halimwambii kitu.

Akiba nayo ina lake, na ningependa wanafunzi walijue. Methali inasema akiba haiozi. Akiba ya BOINC inaoza. Fungu likipitisha siku yake ya mwisho, seva hulihesabu kuwa limechelewa na inaweza kumpa mtu mwingine alirudie tangu mwanzo. Tena akiba hii haifichwi kusubiri dhiki: mashine huila saa zote ikiwa kazini, na ikipungua hujazwa. Kwa hiyo mara ya kwanza neno linapotokea, liambatanishe na sentensi moja: “Akiba ya kazi ni mafungu yaliyokwisha kupakuliwa na yanayosubiri zamu yake kwenye kompyuta hii.” Mafungu yakishapangwa kusubiri, unaweza kusema yako foleni, hilo kila mtu analielewa.

Mwanafunzi wa pili, aliyedhani jumla ni 0.5, alichanganywa na maneno mawili: “hadi” na “ziada”. “Hadi siku 0.5” ikisimama peke yake ni kikomo cha yote. “Ziada” nayo kwa wasomaji wengi ni kinachozidi mahitaji, kinachobaki. Hakuna kati ya maneno hayo linalomwambia kwamba tarakimu ya pili inapandishwa juu ya ile ya kwanza. Neno linalofanya hivyo ni nyongeza: nyongeza ya mshahara huwekwa juu ya mshahara uliopo, na hakuna anayedhani ndiyo mshahara wote.

Lakini kabla ya kuandika, elewa tarakimu hizi mbili zinavyofanya kazi pamoja, maana lugha itafuata utendaji. Ya kwanza ni sakafu. Akiba ikishuka chini yake, programu huiomba seva kazi. Ikishaomba, huomba mpaka ifikie jumla ya tarakimu zote mbili, kisha hutulia hadi akiba ishuke tena chini ya sakafu. Kwa 0.1 na 0.5, ambazo ndizo programu huja nazo, akiba hupanda hadi kazi ya siku 0.6, huliwa mpaka chini ya 0.1, ndipo ombi jipya huondoka. Nyongeza ikiwa ndogo, mashine huomba mara nyingi kidogo kidogo. Ikiwa kubwa, huomba mara chache kwa wingi. Hilo ndilo linaloamuliwa na tarakimu ya pili.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza ningeiandika “Kiwango cha chini cha akiba: kazi ya siku ___” na ya pili “Nyongeza juu ya kiwango hicho: kazi ya hadi siku ___”. “Hadi” imerudi, lakini sasa haina hatari, kwa sababu “juu ya kiwango hicho” imekwisha kuifunga.

Utaona nimeacha “angalau”. Katika mazungumzo neno hili lina pumzi ya faraja: “angalau nimepata kidogo”, “angalau umefika salama”. Kwenye vipimo, Kiswahili cha matangazo na sheria hupenda “isiyopungua” na “isiyozidi”: umri usiopungua miaka 18, mzigo usiozidi kilo 20. Ukihitaji sentensi kamili katika maelezo, andika “akiba isipungue kazi ya siku 0.1”.

Tarakimu zenyewe pia zinahitaji msaada. “Sifuri nukta moja ya siku” haina picha kichwani mwa mtu. Weka pembeni kwamba siku 0.1 ni muda wa saa 2 na dakika 24, na siku 0.5 ni muda wa saa 12. Usiache “muda wa”, kwa sababu “saa 12” peke yake itasomeka kama machweo au mapambazuko. Na useme wazi kwamba siku moja hapa ni saa 24, mchana na usiku. Usijaribiwe kuandika “kazi ya kutwa”; kutwa inaishia jua likizama.

Toleo la zamani la BOINC liliuliza swali kwa njia ambayo, kwa maoni yangu, mtu wa kawaida aliielewa upesi zaidi: kompyuta huunganishwa na mtandao kila baada ya siku ngapi? Ninakushauri uliweke swali hilo kwenye mwongozo kama kidokezo, hasa ikiwa intaneti ya shule haipatikani kila siku. Tuseme mnaipata Jumatatu na Alhamisi tu. Pengo refu ni la siku nne, kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu, hivyo kiwango cha chini kiwe kazi ya siku 4. Nyongeza ibaki ndogo, 0.5 inatosha.

Hapo ndipo siku ya mwisho inapoingia. Mafungu mengi ya Einstein@Home, mradi wa elimu ya anga unaotafuta mawimbi ya mvutano na nyota za pulsa, hupewa siku 14. Akiba ya siku nne inakaa humo bila shida. Mradi unaotoa siku 3 tu hauwafai: fungu lililopakuliwa Alhamisi, hata likikokotolewa lote Ijumaa, majibu yake hayawezi kuondoka hadi Jumatatu. Kila nafasi inapokea hadi siku 10, lakini kujaza 10 kwa kuwa inawezekana ni kushikilia mafungu ambayo mashine nyingine ingeyamaliza mapema na watafiti wanayasubiri.

Na kwenye safu inayoonyesha siku hiyo, usiandike “muda wa mwisho”. Andika “siku ya mwisho ya kurejesha”, kwa sababu kumaliza mahesabu hakutoshi: majibu lazima yawe yamefika kwenye seva.