Maswali yenu kuhusu mozaiki ya Kirumi, picha za sakafuni zilizopangwa kwa vipande vidogo vya mawe

Shikamoo fundi. Nina vigae vilivyovunjika vimejaa uani. Naweza kuanza navyo, au ni lazima nitafute mawe kama Warumi?

Marahaba. Vigae vitakufundisha kupanga, havitakufundisha kukata. Kigae kina rangi upande mmoja tu, ilhali marumaru ni rangi hadi ndani: ukilipasua jiwe unapata uso mpya, na ndio huo unaoutazamisha juu. Waombe mabaki mafundi wanaochonga kaunta za jikoni, maana mara nyingi huyatupa. Wakikukubalia, wakukatie fito za upana wa sentimita 1 hivi.

Zana ni mbili. Ya kwanza ni patasi pana iliyochomekwa kwenye gogo, makali yakiangalia juu. Ya pili ni nyundo yenye makali ncha zote mbili, na hadi leo mafundi wa mji wa Ravenna, Italia, wanaitumia. Unashika ufito kwa kidole gumba na cha shahada, unaulaza juu ya patasi, kisha unaiachia nyundo ishuke sawia na makali ya chini. Usitumie nguvu, uzito wa nyundo unatosha. Likipasuka vizuri utasikia mlio mkavu mmoja. Ukisikia jiwe linasagika, ujue nyundo imetua kando. Miwani na barakoa ni lazima, sina mjadala kwa hilo.

Fundi, kwa nini mnang'ang'ania chokaa wakati saruji ipo kila duka? Na chokaa yetu ya matumbawe hapa Lamu inafaa?

Inafaa sana. Matumbawe na mawe ya chokaa ya Italia ni kitu kilekile kikemia, kalsiamu kaboneti; vyote vikichomwa tanurini na kuzimwa kwa maji hutoa chokaa ileile. Ila nunua iliyokwisha kuzimwa na kulowekwa muda mrefu. Chokaa isiyozimwa ikikutana na maji huchemka, nayo ni hatari kwa macho.

Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, ameandika jinsi ya kujenga msingi wa sakafu. Chini kabisa ni mawe yasiyopungua ukubwa wa ngumi. Juu yake ni kokoto sehemu 3 kwa chokaa sehemu 1. Halafu tabaka la vyungu na vigae vilivyopondwa, tena 3 kwa 1, lenye unene usiopungua vidole 6, yaani kama sentimita 11. Hivyo vyungu vilivyopondwa ndio siri yenyewe: vinaifanya chokaa ishike hata penye unyevu. Juu kabisa ni chokaa laini ya kuchomekea vipande. Kwa ubao wa kujifunzia ruka mawe na kokoto, lakini vyungu usiviruke.

Saruji hukauka upesi na haikusamehe. Chokaa inakupa nafasi ya kung'oa kipande na kukigeuza. Wengi waliozihamisha mozaiki za kale karne iliyopita walizilaza juu ya zege lenye nondo. Nondo zikashika kutu, zikavimba, zikapasua kazi iliyodumu karibu miaka 2,000. Tandaza chokaa ya eneo dogo tu utakalolimaliza kabla haijakaza, chora mistari yako humo ikiwa bado mbichi, kisha uifunike kwa kitambaa chenye majimaji ili isikauke ghafla.

Nimenakili samaki wa mozaiki ya Pompeii, ule mji wa kale wa Kirumi. Rangi ziko sawa, umbo liko sawa, lakini samaki amekufa!

Nadhani vipande vyako umevipanga kwa miraba kama daftari la hesabu. Mwangalie tena yule wa Pompeii: safu zinafuata mgongo, zinapinda tumboni, zinakusanyika mkiani. Mwili unajengwa na mwelekeo wa safu kabla rangi haijasema chochote. Kisha tazama nje ya mchoro. Warumi waliuzungushia umbo safu moja au mbili za rangi ya usuli, yaani ya eneo lililo nyuma ya umbo, zikilifuata umbo lenyewe, ndipo usuli uliobaki ukaenda kwa mistari iliyonyooka. Ukifanya hilo tu, samaki wako ataachana na sakafu. Na punguza rangi: mozaiki ya mfalme Aleksanda Mkuu, iliyofukuliwa Pompeii mwaka 1831 na kuwekwa mjini Naples, Italia, ina vipande zaidi ya milioni moja, lakini karibu yote ni nyeupe, nyeusi, njano na nyekundu.

Vipande viwe na ukubwa gani?

Sakafu ya kawaida, sentimita 1. Nyuso na picha ndogo, milimita 4 au chini ya hapo. Hizo mara nyingi zilitengenezwa karakana juu ya sinia la jiwe au udongo, zikaja kupachikwa katikati ya sakafu.

Fundi wa mozaiki alilipwa vizuri?

Si sana. Amri ya bei ya Diocletian, kaizari wa Kirumi, ya mwaka 301 baada ya Kristo inataja dinari 60 kwa siku, na 50 kwa mwenzake wa daraja la chini, pamoja na chakula. Mchoraji wa picha alipata 150. Mwokaji mikate, 50.

Nianze na sura ya mama yangu?

Mwache mama kwanza. Anza na pindo la msuko, lile la kamba mbili zinazopishana ambalo Warumi walilizungushia kila kitu. Linafunza kukata kabari, kupinda safu na kupokezana rangi kwa mpigo mmoja. Fanya la urefu wa mkono. Msuko ukipita kona bila kuonyesha mshono, leta picha ya mama.