Kuvua na kuwinda kwenye shamba la mtu Montana

Ndugu, umeuliza kama shamba la mtu huko Montana, jimbo la Marekani, likishawekwa kwenye mkataba wa uhifadhi basi yeyote anaweza kuingia kuvua na kuwinda. Hapana, na hapa wengi wanachanganya sana. Ule mkataba kwa kawaida unamzuia mwenye shamba kukata viwanja au kujenga hovyo, ila ardhi inabaki yake na geti ni lake, labda mkataba wenyewe useme watu waruhusiwe.

Mto ndo habari nyingine. Sheria ya Montana ya 1985 inakuruhusu kuvua hata mto ukipita katikati ya ranchi ya mtu, ilimradi ubaki chini ya alama ya maji yanapofikaga yakijaa kawaida, we angalia ukingo, pale majani ya nchi kavu yanapoanza na udongo unabadilika ndo mwisho wako. Na uingilie mahali halali, mfano kwenye daraja la barabara ya umma, sio kukatiza malisho ya watu eti unafupisha njia.

Bunduki sasa usiichanganye na ndoano, kuwinda kwenye ardhi binafsi lazima mwenyewe akuruhusu hata kama hakuna kibao. Mi ningeanza na Block Management, mpango wa jimbo, wenye mashamba wanajiunga kwa hiari na mwindaji halipii kuingia, leseni tu awe nayo. Soma masharti ya kila shamba maana hayafanani, na geti ukilikuta limefungwa lifunge tena tafadhali, mifugo ya watu ile.