Nimerudisha faili la zamani, mbona nginx bado inakataa kuwaka?

Swali

Habari za kazi, fundi. Nina seva ya Debian (aina ya Linux) yenye nginx, programu inayotuma kurasa za tovuti kwa wageni, inahudumia tovuti mbili. Jana usiku nilitaka kuongeza ya tatu, yenye HTTPS. Kabla ya kugusa chochote nilinakili faili la usanidi lililokuwa likifanya kazi, nakala nikaiacha humohumo ndani ya folda ya sites-enabled kwa jina tovuti.zamani. Kisha nikaandika sehemu ya tovuti mpya. Njia za cheti na ufunguo niliziweka kabisa, ingawa cheti chenyewe nilikuwa bado sijakichukua. Nikaendesha systemctl restart nginx, ikagoma na kusema tu "Job for nginx.service failed". Nikarudisha yaliyomo ya zamani herufi kwa herufi, bado inagoma. Nimejaribu kama mara kumi. Tovuti zote mbili ziko chini na wenyewe wananipigia simu. Kama faili ni lilelile la jana, kilichobadilika ni nini?

Jibu

Pole sana. Kwa sasa acha kuiwasha. Kila unapojaribu haraka haraka unajiongezea tatizo la pili: systemd, programu inayowasha na kuzima huduma za seva, kwa kawaida huruhusu majaribio 5 ndani ya sekunde 10, ukizidisha inakataa hata kujaribu na kuandika "Start request repeated too quickly". Hapo unaweza kuwa umeshatengeneza kosa lenyewe na bado ukadhani halijatoka. Hesabu hiyo inafutwa hivi:

sudo systemctl reset-failed nginx

Sasa endesha amri ambayo ingetakiwa iwe ya kwanza jana usiku:

sudo nginx -t

Usiache sudo. Bila hiyo nginx inashindwa kusoma funguo za siri na kukuletea makosa ya ruhusa yasiyohusiana na shida yako. Tafuta mstari wa kwanza wenye neno [emerg]. Huo ndio ulioizuia kuwaka. Mistari ya [warn] iache kwanza.

Kwa maelezo uliyotoa, nadhani mstari huo utasema "a duplicate default server for 0.0.0.0:443", au utalalamikia upstream (kundi la seva za nyuma ambazo nginx huzipelekea maombi) iliyotajwa mara mbili. Chanzo ni ile nakala yako. Kwenye Debian, faili kuu la nginx.conf lina mstari huu:

include /etc/nginx/sites-enabled/*;

Hiyo nyota haichagui. Chochote kilichomo ndani ya folda hiyo kinasomwa kama usanidi halali, kiitwe tovuti.zamani, tovuti.bak, au faili lenye alama ya ~ mwishoni ambalo baadhi ya vihariri huliacha bila kukuambia. Wewe ulipoweka nakala mle, nginx iliona tovuti ileile imeandikwa mara mbili. Majina ya server_name yakigongana peke yake, hutoa onyo tu na kuendelea. Lakini ikikuta default_server (tovuti ya kujibu pale jina lisipolingana na lolote) mbili kwenye anwani na poti moja, inasimama hapohapo. Ndiyo maana kurudisha maandishi ya zamani hakukusaidia: faili lilirudi kama lilivyokuwa, ila folda haikurudi. Nakala bado imo.

Iondoe:

sudo mv /etc/nginx/sites-enabled/tovuti.zamani /root/

Kisha nginx -t tena. Ikisema "syntax is ok" na "test is successful", iwashe. (Folda ya conf.d haina mtego huu kwa kiasi hicho, kwa sababu kule kinachosomwa ni kile kinachoishia na .conf tu.)

Jaribio lako la kwanza, nadhani, liligoma kwa sababu mbili kwa pamoja: nakala hiyo, na cheti kisichokuwepo. Nginx husoma cheti na ufunguo wakati inawaka. Ukitaja faili ambalo halipo, haiwaki kabisa, na inaangusha hata zile tovuti mbili ambazo hazina kosa lolote. Hapa watu wengi wananasa na Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure: ili upewe cheti kwa njia ya HTTP, lazima seva ijibu kwenye poti 80, na seva haiwezi kujibu kwa sababu imekataa kuwaka kwa kukosa cheti hichohicho. Nitakueleza utaratibu wake mbele kidogo.

Kwanza nijibu swali lako la "kimebadilika nini", kwa sababu ndilo linalowatesa watu kuliko makosa ya tahajia.

Nginx inapofanya kazi haisomi tena mafaili yake. Ilisoma siku ilipowashwa, ikaweka kila kitu kwenye kumbukumbu, na tangu hapo inaishi kwa hayo. Diski inaweza kubadilika chini yake miezi mizima, yenyewe ikaendelea kuhudumia bila kutetereka. Siku ukiiwasha upya ndipo inasoma kila kitu kilichopo kwenye diski wakati huo: badiliko lako la leo, la mwenzako la mwezi uliopita, cheti alichofuta mtu akidhani hakitumiki, folda ya logi iliyoondolewa kupunguza nafasi. Niliwahi kukesha na seva ya mteja mmoja nikitafuta kosa kwenye mistari mitatu niliyoandika mimi. Mistari hiyo ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni folda ndani ya /var/log/nginx ambayo tovuti nyingine kabisa iliandikiwa logi zake, na mtu alikuwa ameifuta zamani. Nginx huunda faili la logi lisipokuwepo, lakini folda haiundi. Tangu siku hiyo, kabla sijabadilisha hata herufi moja kwenye seva nisiyoijua, naendesha nginx -t kwanza. Kama inalalamika kabla sijagusa, najua tatizo limenitangulia.

Ukitaka kuona usanidi wote jinsi nginx inavyouona, mafaili yote yakiwa yameunganishwa, tumia herufi kubwa:

sudo nginx -T

Kila faili linatajwa kwa njia yake kabla ya yaliyomo. Ila huchapisha hayo pale tu jaribio linapofaulu, kwa hiyo kwa kesi yako ingeishia kwenye kosa lilelile bila kukuonyesha tovuti.zamani.

Jambo lingine lililokuumiza ni neno restart. Restart ni kuzima, kisha kuwasha. Huduma ya nginx kwenye Debian ina hatua ya kukagua usanidi kabla ya kuwasha, lakini hatua hiyo inafika wakati mchakato wa zamani umeshazimwa. Ukaguzi ukishindwa, hakuna tena cha kurudia. Kwa mabadiliko ya kawaida ya usanidi huhitaji restart. Tumia hivi:

sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx

Katika reload, mchakato mkuu unajaribu usanidi mpya kwanza. Ukikubalika, unaanzisha wafanyakazi wapya na kuwaacha wa zamani wamalize maombi waliyoshika. Ukikataliwa, unabaki na usanidi wa zamani na watumiaji hawajui kama kuna kilichotokea. Ila baada ya reload tazama mwisho wa /var/log/nginx/error.log, maana kuna mifumo ambako amri hurudi kimya kana kwamba mambo yamekwenda sawa, kumbe usanidi mpya umekataliwa. Mtu anashangaa mbona mabadiliko hayaonekani.

Sasa, ikitokea nginx -t inasema kila kitu ni salama na bado haiwaki, usianze kubadilisha usanidi ovyo. Soma:

sudo journalctl -u nginx -n 50 --no-pager

Mara nyingi utakuta "bind() to 0.0.0.0:80 failed (98: Address already in use)". Poti imeshikwa na mchakato mwingine. Kosa hili nginx -t hairipoti, na ni kwa makusudi, kwani kwa kawaida unakagua usanidi huku nginx yenyewe ikiwa inaendesha na kushika poti hiyohiyo. Hivyo jaribio kupita si ushahidi kwamba poti iko wazi. Mshikaji anajulikana hivi:

sudo ss -ltnp | grep -E ':(80|443) '

Safu ya mwisho itakupa jina la programu na namba ya mchakato. Ikiwa ni apache2 (Apache, programu nyingine ya kuhudumia tovuti), huenda kifurushi ulichosakinisha kilikuja nayo na ikajiwasha. Ikiwa ni nginx, jiulize kama wewe au mwenzako mliwahi kuandika "sudo nginx" kwa mkono. Mchakato wa namna hiyo systemd haiutambui kama wake. Unakuta tovuti zinafanya kazi, systemctl inasema huduma imekufa, na mabadiliko hayaingii. Uzime kwa utaratibu, sudo nginx -s quit, kisha iwashe kwa systemctl peke yake.

Ukikutana na "13: Permission denied" na hali unaendesha kama root, na seva ni ya jamii ya Fedora au Red Hat, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni SELinux, ulinzi wa ziada unaoamua kwa lebo programu gani isome faili gani. Faili lililohamishwa kwa mv kutoka folda ya nyumbani hubaki na lebo ya kule lilikotoka, na nginx inakatazwa kulisoma hata kama ruhusa za kawaida zinaonekana sawa. Amri ya restorecon -Rv juu ya folda husika hurudisha lebo sahihi. Nakuomba usizime SELinux nzima kwa ajili ya faili moja.

Kuhusu namba za mistari kwenye makosa ya uandishi: usiziamini kupita kiasi. Ukisahau nukta-mkato mwishoni mwa mstari wa root (unaotaja folda ya tovuti), nginx inaendelea kusoma mstari unaofuata kama sehemu ya root, kisha inalalamikia "invalid number of arguments" ikitaja mstari wa chini. Kosa liko juu yake. Ukisahau bano la kufunga, inaweza kukutajia mwisho wa faili. Na kuna kosa moja linalopita jaribio kabisa: ukisahau nukta-mkato baada ya server_name (mstari wa majina ya tovuti). Maelekezo hayo hupokea majina mengi, kwa hiyo neno root na njia ya folda vinamezwa kama majina ya tovuti. Utapata onyo tu kwamba jina lina "suspicious symbols", jaribio litafaulu, na tovuti itafungua folda isiyo yake. Nilisema uache maonyo kwanza. Seva ikishasimama, yarudie uyasome.

Kama ni Apache, fikra ni zilezile. Jaribio ni sudo apachectl configtest. Ile AH00558 inayosema haiwezi kutambua jina kamili la seva ni onyo, haizuii kuwaka, na inasikitisha kuona watu wakipoteza saa nzima wakiishughulikia wakati kosa lenyewe liko mstari wa chini. "Invalid command 'RewriteEngine'" maana yake moduli haijawashwa: sudo a2enmod rewrite.

Turudi kwenye tovuti yako ya tatu. Safari hii andika usanidi wake kwenye sites-available (folda ambayo nginx haiisomi moja kwa moja), katika faili lake peke yake, lisichanganywe na zile mbili. Anza na sehemu ya poti 80 tu, bila mstari wowote wa ssl. Tengeneza kiungo kwa ln -s kwenda sites-enabled, kagua, kisha reload. Hakikisha jina la tovuti linaelekea kwenye seva yako na ukurasa unafunguka kwa HTTP. Hapo ndipo uombe cheti. Kikishafika, ongeza sehemu ya 443, kagua tena, reload tena. Likitokea la kutokea, unafuta kiungo kimoja na tovuti nyingine mbili hazijaguswa.

Kama cheti unanunua au unapewa na mtu, kilinganishe na ufunguo kabla ya kukitaja kwenye usanidi:

openssl x509 -noout -pubkey -in cheti.pem | sha256sum
openssl pkey -pubout -in ufunguo.pem | sha256sum

Mistari miwili ya matokeo lazima ifanane. Isipofanana, nginx itakataa kwa maneno "key values mismatch". Kosa hilohilo hutokea pia ufunguo ukiwa sahihi lakini vyeti vimepangwa kinyume ndani ya faili: cha tovuti yako lazima kitangulie, cha kati (cha mtoaji aliyekisaini) kifuate. Na ufunguo uwe hauna nenosiri, kwa sababu systemd inapoiwasha nginx hakuna mtu mbele ya skrini wa kuliandika.

Nakala za tahadhari endelea kuweka, ni tabia nzuri. Ziweke nje ya /etc/nginx, au endesha git init (git ni programu ya kutunza historia ya mafaili) ndani ya folda hiyo uhifadhi kila hatua, mradi funguo za siri usiziingize humo. Ukishaondoa tovuti.zamani na bado ikagoma, nitumie mstari wa kwanza wa [emerg] kama ulivyo, bila kuufupisha, pamoja na matokeo ya ls -la /etc/nginx/sites-enabled.