Bakteria anajuaje jeni ipi aiwashe, na lini?
Hata bila kiini cha seli, ana ratiba kali. Mtazame Caulobacter crescentus, bakteria wa maji yasiyo na chumvi. Protini yake CtrA hujibandika pale DNA inapoanzia kunakiliwa, hivyo kazi haianzi. Wakati ukifika, ClpXP, mashine ya kusaga protini, huikatakata CtrA, na protini nyingine, DnaA, hupata nafasi ya kuanzisha unakili. DnaA huwasha jeni ya GcrA, protini ya tatu, nayo GcrA huchochea CtrA mpya, ambayo sasa huwasha jeni za mkia wa kuogelea na za kugawanyika. Ni zamu za kupokezana! Kinachonivutia zaidi: seli ikigawanyika, CtrA hubaki kwa mtoto mwenye mkia tu; mtoto wa pili, mwenye kikonyo (kama bua la kujishikiza), huanza kunakili DNA papo hapo.