Re: Nimhamishe binti shule ya kata, matokeo ya form two mabaya?

Mkuu umesema asilimia ya waliofeli ni kubwa na wanafunzi wanapungua, ila usimhamishe kwa kuangalia asilimia tu. Shule zetu ndogo huku Mufindi, Iringa, darasa likiwa na watoto 40 wanne wakipata ziro (yaani wamefeli) tayari ni asilimia 10, ila hao hao wanne kwenye shule ya mjini yenye 200 ni asilimia 2, kwahiyo ingia tovuti ya NECTA (baraza la mitihani) uangalie idadi sio asilimia, linganisha na miaka mitatu nyuma.

Na hilo la wanafunzi kupungua, tangu 2016 ada hamna mpaka form four lakini wanaacha tu, wengine wanapelekwa Dar kufanya kazi za ndani na hii inaniuma sana. Umbali nao. Mtoto wangu alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ukungu mzito, viatu kaviweka kwenye rambo anavaa akifika getini, unategemea aelewe hesabu kipindi cha kwanza kweli?

Nenda kaulize walimu wa hesabu na fizikia wako wangapi, alafu muombee hosteli au chumba kwa ndugu karibu na shule. Wangu alivyokaa karibu akatoka division four akapanda mpaka division two.