Kwa wanaoanza kupanga safari za Kilimanjaro: hesabu usiku kwanza

Kila mwaka ofisi za safari hapa Moshi na kule Arusha hupokea vijana wapya. Wengine wametoka vyuoni na vyeti vya utalii, wengine wametoka mlimani kwenyewe baada ya kubeba mizigo ya wageni kwa muda mrefu. Wote hukabidhiwa kompyuta, na barua pepe ya kwanza wanayoifungua huuliza lilelile: kufika kileleni ni bei gani ya chini kabisa, na ni siku ngapi? Nakuomba, mdogo wangu, usikimbilie kulijibu swali hilo kama lilivyoulizwa. Safari ya mlima hupangwa kwa usiku. Mgeni atalala wapi leo, mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na kesho atalala juu zaidi kwa mita ngapi? Ukishajua hilo, njia, bei, idadi ya wapagazi na hata kiasi cha mchele vitafuata.

Chukua karatasi tuhesabu pamoja. Madaktari wanaoshughulika na maradhi ya mwinuko, yale yanayoletwa na hewa nyembamba ya juu, hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, kimo anacholala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 hivi kila usiku, na kila baada ya siku tatu au nne apate usiku wa kupumzika pasipo kupanda. Sasa itazame njia ya Marangu kwa siku 5. Usiku wa kwanza mgeni analala vibanda vya Mandara, mita 2,700. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu yuko Kibo, karibu mita 4,700, na hapo halali usiku mzima, kwa sababu saa sita usiku anaamshwa aanze kupanda kilele. Ameruka takriban mita elfu moja, kisha elfu moja nyingine, bila kuupa mwili nafasi yoyote. Ongeza usiku mmoja tu wa Horombo, siku hiyo atembee kuelekea kilele cha Mawenzi mpaka kwenye Mawe ya Pundamilia kisha arudi kulala palepale, na utakuwa umempa safari nyingine kabisa. Mimi siku 5 za Marangu siziandiki kwenye pendekezo. Mgeni akizitaka mwenyewe, namweleza hesabu hii na kumwachia aamue akijua.

Njia ya Machame ina faida yake, na ni vizuri uielewe ili uweze kuieleza. Usiku wa kwanza ni kambi ya Machame, karibu mita 3,000. Wa pili ni Shira, karibu 3,800. Siku ya tatu msafara hupanda hadi Lava Tower, mwamba mkubwa wa volkano, takriban mita 4,600, watu wakala chakula cha mchana pale, kisha wakashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili umeonja hewa nyembamba mchana na kupumzika chini usiku. Ndiyo maana wazee wa kazi hii husema panda juu, lala chini. Kwa siku 6, mgeni anatoka Barranco moja kwa moja hadi kambi ya Barafu, karibu mita 4,670, anafika jioni amechoka, na usiku uleule anaanza kilele. Kwa siku 7 analala kambi ya Karanga katikati, anafika Barafu mchana, anakula, anajinyoosha. Siku hiyo moja ndiyo ninayoipigania kuliko siku nyingine zote. Njia ya Lemosho kwa siku 8 hunipa utulivu zaidi, kwa kuwa huanzia upande wa magharibi na kuupa mwili muda kwenye uwanda wa Shira kabla ya kuungana na njia ya Machame. Rongai, inayoanzia kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, naifikiria mvua inapotisha upande wa kusini, maana kule ni kukavu zaidi. Umbwe ni mwinuko mkali na mfupi. Mgeni wa mara ya kwanza simpeleki.

Mgeni anavutwa na siku chache kwa sababu ya pesa, na hilo halina aibu. Tozo za hifadhi hulipwa kwa kila siku, kambi au kibanda kwa kila usiku, kuna tozo ya uokoaji, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Kila siku unayoongeza inaonekana kwenye ankara. Basi mweleze wazi pesa yake inakwenda wapi, mstari kwa mstari, badala ya kumpa jumla moja nono. Nimeona wageni wengi wakikubali siku ya ziada baada ya kuona mchanganuo, kwa sababu sasa wanajua wananunua nini.

Wapo pia wanaoandika kwamba wao ni watu wa theluji, kila mwaka huenda kuteleza kwenye miteremko ya milima ya Alps kule Ulaya, kwa hiyo wafupishiwe safari. Hawa wasikilize kwa heshima, maana wana miguu imara, wanajua mavazi ya baridi, na viatu vyao vimeshazoeana na miguu yao. Lakini waulize wamewahi kulala kimo gani. Pale Zermatt, Uswisi, kijiji kiko karibu mita 1,600. Gari la kamba humpandisha mtu hadi mita 3,883, akateleza mchana kutwa, na jioni akashuka kula na kulala kijijini. Kituo hicho cha juu kabisa kiko chini kuliko kambi yetu ya Karanga. Mont Blanc yenyewe, mlima mrefu kuliko yote ya Alps, ina mita 4,800 na kidogo. Mgeni anapotoka kwenye hema lake Barafu usiku ule wa kilele, yupo karibu na kimo hicho, na bado ana zaidi ya mita 1,200 za kupanda ili afike kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kule juu shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la pwani. Mazoezi ya uwanjani hayauzoeshi mwili hali hiyo. Muda ndio unaouzoesha.

Mwenye siku za kutosha na moyo wa kupanda, mpendekezee mlima Meru kwanza. Wageni wengi hawajawahi kuusikia, na watu wa Arusha wanauona kila asubuhi. Analala vibanda vya Miriakamba, karibu mita 2,500, kisha vya Saddle, karibu 3,570, na kilele kina zaidi ya mita 4,500. Anatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, anaona twiga njiani, na anapokuja Kilimanjaro damu yake imeshaanza kujirekebisha. Kwangu hakuna maandalizi yanayoizidi hiyo.

Sasa niseme kuhusu ugonjwa, kwa kuwa unahusu karatasi yako kuliko unavyodhani. Kiongozi akiwa mlimani ndiye anayeangalia kichwa kinachouma, kutapika, kukosa hamu ya kula. Ndiye anayejua kwamba mtu anayepepesuka kama mlevi, anayechanganya maneno au anayehema hata akiwa amekaa anatakiwa kushuka mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Dawa kubwa ni kushuka. Lakini nani atamshusha? Ukipeleka wageni wanne na kiongozi mmoja, akiugua mmoja una mawili mabaya ya kuchagua: wote washuke, au watatu wabaki bila kiongozi. Kwa hiyo wasaidizi wa kiongozi uwahesabu ukiwa ofisini, mbele ya kompyuta, ukijiuliza usiku wa kilele watu wakigawanyika mara mbili itakuwaje. Usikubali mtu akufutie msaidizi ili bei ishuke. Na mgeni mwenye shida ya moyo, pumu, au anayetaka kutumia dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko, mwambie aonane na daktari wake akiwa bado kwao. Sisi si madaktari, na barua pepe si hospitali.

Wapagazi. Hapa naomba utulie. Mpagazi hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na ndani yake kuna vitu vyake mwenyewe. Ndiyo maana begi la mgeni tunalipa kikomo cha kilo 15. Mizigo hupimwa kwenye mizani getini. Mgeni akija na kilo 22 kwa sababu wewe hukumwandikia mapema, asubuhi ile atatafutwa mpagazi wa ziada harakaharaka, kijana aliyekuja getini kubahatisha kazi, pengine na viatu vya kuazima na sweta jepesi, na usiku wa pili atalala Shira kwenye baridi kali. Andika kikomo cha uzito kwenye barua ya kwanza kabisa, na ukirudie kwenye ya mwisho. Kadiria pia chakula chao, mahema yao na ujira wao kabla hujakadiria kitu kingine, kwa sababu mahali pa kwanza ambapo bei ya chini hukatwa ni hapo. Wageni wawili wa Machame si ajabu wakawa na msafara wa watu kumi, na kila mmoja wa hao kumi anakula. Kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, wenye ofisi hapa Moshi. Huwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo na kufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea. Nenda ukajitambulishe wiki yako ya kwanza kazini. Nenda pia soko la Memorial ukaone bei ya jaketi la mtumba, ulinganishe na ujira wa siku moja wa mpagazi. Tipu nazo mweleze mgeni kabla hajapanda ndege, aje amejiandaa, na zigawiwe mbele ya watu wote.

Majira ni jambo jepesi zaidi. Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba, ni kukavu. Masika ya Machi hadi Mei njia hugeuka tope msituni, na juu huanguka theluji. Mwezi mpevu unapendwa kwa usiku wa kilele, ila kambi hujaa. Desemba ndiyo ya kuangalia sana: mabasi ya Dar es Salaam hadi Moshi yanajaa Wachaga wanaokwenda nyumbani Krismasi, tiketi za ndege za ndani zinapanda, na wapagazi wako nao wana mama zao wanaowasubiri Rombo na Kibosho. Safari inayomalizika tarehe 24 kabla ya adhuhuri ni baraka kwa kila mtu. Inayoanza tarehe 23, zungumza na watu wako kwanza ndipo umjibu mgeni.

Mengine nayataja harakaharaka. Mgeni atue KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, angalau siku moja kamili kabla ya kupanda, kwa kuwa mabegi hupotea na vifaa vya kukodi vinahitaji muda wa kujaribiwa. Viatu vyake vya mlima avivae ndani ya ndege. Bima yake iseme wazi kwamba inagharamia kutembea milimani hadi mita 6,000, maana bima ya mtu wa kuteleza kwenye theluji inaweza kuishia chini ya hapo. Omba nakala uisome mwenyewe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani, basi aje na chupa imara za kujaza tena.

Na siku ya mwisho usiibane. Kwa njia za kusini, mgeni aliyefika Uhuru alfajiri hushuka siku ileile hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100, na kesho yake hadi getini. Magoti yanamwaka moto. Wapo wanaomwekea ndege ya jioni hiyohiyo, au kumpakia kwenye gari aende Ngorongoro mchana. Mpe usiku mmoja Moshi, maji ya moto, chakula cha kukaa mezani, ndipo asubuhi aondoke; na usiku huo uuandike kwenye ratiba ya kwanza unayomtumia, usiungoje aje kuuomba.