Kwa nini sauti ni zilezile kwenye filamu za Kiitalia?

Hapana, si masikio yako. Umeuliza kwa nini filamu nyingi za Kiitalia za miaka ya 1960, zile zilizotiwa sauti za Kiingereza juu ya picha, zinasikika kama zina watu walewale. Ni kwa sababu walikuwa walewale kweli! Roma ilikuwa na kundi dogo la wazungumzaji wa Kiingereza walioishi kwa kazi hiyo, na mmoja aliweza kuwa sherifu, padri na jambazi katika filamu moja.

Waitalia wakati huo walizoea kupiga picha bila kunasa sauti ya kutumika. Kila mwigizaji aliongea lugha yake, kisha sauti zote zikaingizwa studio. Ndiyo maana hata mwigizaji Steve Reeves, Mmarekani kabisa, kwenye Hercules ya 1958 unamsikia mtu mwingine.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kipande kifupi cha filamu kinarudiwa tena na tena, nawe unatafuta pumzi na hasira ya mtu usiyemjua, huku sauti yako ikifuata midomo yake inapofunga kwenye m, b na p. Tafsiri sahihi isiyoingia mdomoni hutupwa.

Majina yao? Mara nyingi hayakuandikwa popote. Robert Rietti wa London ndiye aliyempa sauti mwigizaji Mwitalia Adolfo Celi kwenye Thunderball ya 1965, filamu ya James Bond, lakini ukisoma majina yanayoonyeshwa kwenye filamu humwoni. Dhuluma tupu, kwa maoni yangu.